Safari Tupu Haihesabiwi

Fundi Micah arap Chumo wa Elburgon alikuwa na swali moja lililowachosha watu. Ukimpelekea gari, liwe lori la magogo au pikapu ya mkulima wa pareto, hakuuliza linabeba nini. Aliuliza, "Ikiwa tupu inatembea namna gani?" Madereva walitazamana. Nani anajali gari likiwa tupu? Wengine walimcheka usoni, na wale wenye haya kidogo walingoja wafike barabarani ndipo wacheke. Yeye alisimama na nyundo yake akingoja jibu, na asipolipata hakugusa springi hata moja. Huyu ana kichwa kigumu, walisema, na kweli alikuwa nacho. Lakini hakuzaliwa na swali hilo. Alilipata mwaka wa hamsini na nne, na mwaka huohuo ulimnyang'anya karibu kila kitu kingine.

Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Molo, baba yake akichunga ng'ombe wasio wake. Wamisheni walimbatiza jina la Micah, naye akalishika jina kuliko alivyoyashika masomo yao. Alipopata nguvu za kiume akaenda Elburgon, kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akapewa kazi ya kuviringisha magogo ya podo na mwerezi yaliyotoka msitu wa Mau. Kazi ile ilikuwa ya kuwavunja watu migongo, na iliwavunja. Aliyemtoa huko ni Mathenge, fundi wa springi, ambaye siku moja alimwona akinyoosha mnyororo uliopinda kwa kuugonga polepole, wakati wenzake wangeupiga kwa hasira mpaka ukatike.

"Wewe, Mkipsigisi," Mathenge akamwambia, "kuja hapa kwa moto. Huko utakufa bure."

Mathenge alikuwa amefanya kazi katika gereji moja Nakuru kabla ya kuja Elburgon, na moto aliujua. Alimfundisha Micah kuitazama rangi ya chuma kabla ya kukizamisha kwenye mafuta. Alimfundisha kupanga mabamba ya springi, refu juu, fupi chini, na kuyafunga yawe kitu kimoja. Yote hayo ni ya malori. Ilipokuja gari ndogo, ya meneja au ya padri, Mathenge alimwambia Micah avukute moto, kisha yeye akageuka na kumpa mgongo. Hakuwa mchoyo sana. Labda kidogo, kwa sababu kila fundi hubakiza kitu kimoja cha kumlisha uzeeni.

"Hii ya gari ndogo nitakufundisha," alisema. "Kwanza maliza ya lori."

Micah hakuona shida. Alidhani muda ulikuwepo.

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikimshuku kila Mkikuyu kuwa ni Mau Mau. Asubuhi moja askari waliwakusanya Wakikuyu wote wa kiwandani, wanawake na watoto na masufuria yao, wakawapakia kwenye malori yaleyale ya magogo. Mathenge alikuwa na mkewe Njoki na kifurushi kimoja. Kabla ya kupanda aliinama akachungulia chini ya lori. Ilikuwa ni mazoea tu, mkono wa fundi haujui kwamba kazi imekwisha.

"Hii ya nyuma tuliweka bamba mpya, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mzee."

"Basi tutafika."

Kufika wapi, hakuna aliyejua. Lori lilishuka kuelekea Nakuru likiwa limejaa watu, na springi zikalibeba vizuri bila kulia. Habari za Mathenge hazikusikika tena. Micah alirudi kwenye moto akaukuta unafifia, akauvukuta mwenyewe. Kuanzia siku hiyo akaitwa fundi, na jina hilo lilimpwaya kama koti la marehemu.

Sasa, mtu asiyepajua pale kiwandani hawezi kuelewa kosa lililofuata, kwa hiyo ni lazima lisemwe jambo la getini. Getini palikuwa na bawabu, mzee wa Kibukusu aliyeitwa Makokha, na kazi yake ilikuwa kupigia kelele kila gari linaloingia au kutoka: "Mzigo gani?" Dereva akijibu magogo, au mbao, safari ile ilihesabiwa. Akijibu, "Tupu," Makokha alipunga mkono kama anayefukuza nzi, na safari haikuhesabiwa. Ilikuwa kana kwamba gari halikwenda popote. Malori yaliyopanda msituni bila mzigo yaliruka vibaya sana, matanboi, wale wasaidizi wa dereva, wakasimama nyuma wamekunja magoti, meno yanagongana, wanacheka. Hakuna aliyelalamika. Ile haikuwa safari, ilikuwa ni kwenda kuifuata safari. Na kwa Micah, springi inayoruka gari likiwa tupu ilikuwa springi nzuri inayongoja kazi yake.

Mkewe alikuwa Chelagat, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu, aliyependa kuimba akichota maji na kunyamaza akiona mtu anasikiliza. Micah alimpenda bila kificho, na wanaume wenzake wakamtania kwa hilo. Lakini nyumba yao ilikuwa kimya. Mimba ya kwanza ilitoka mikononi mwa Chepkemei, mkunga wa kambi ya wafanyakazi, damu nyingi, mtoto hakuna. Ya pili walijaribu kumkimbiza Nakuru kwa Landrova ya meneja. Hawakufika mbali. Malori ya magogo yalikuwa yameichimba barabara, magurudumu yao yakaacha mifereji miwili mirefu na katikati tuta. Lori lilipita juu ya tuta hilo bila kuligusa. Landrova, kwa ufupi wake, ilikalia tumbo, magurudumu yakazunguka kwenye matope bila kwenda mbele wala nyuma. Mtoto alizaliwa pale kando ya barabara. Hakulia.

Daktari wa Nakuru, walipomfikia hatimaye, alisema maneno ambayo Micah aliyashika kuliko sala. Uchungu wa mimba nyingine ukianza, mama aletwe hospitali mara moja, alazwe chali, na asitikiswe. "Akitikiswa atavuja damu," alisema, "na kizazi chake hakiwezi kuvumilia tena." Kumleta mapema hakukuwezekana. Hospitali haikuwa na kitanda cha mwanamke ambaye bado hajashikwa na uchungu, na mjini Nakuru Micah hakuwa na mtu. Aliyekuwa akimjua ni binamu wa Mathenge, naye alisombwa vilevile.

Kwa hiyo Chelagat aliposhika mimba ya tatu, Micah alianza kuitazama Landrova ile jinsi mgonjwa anavyoutazama mlango. Bahati, au ilionekana ni bahati, meneja mwenyewe alikuwa amechoka kukwama. Bwana Tomlin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyefikiri kupita chakula cha mchana.

"Micah. Mimi nataka hii motokaa juu juu," akasema. "Tumbo yake napiga mawe kila siku. Wewe naweza?"

"Naweza, bwana. Lakini siku ya bibi yangu ikifika, hii gari imbebe mpaka Nakuru."

Tomlin alimtazama, kisha akalitazama gari. "Sawa. Weka juu, bibi yako nakwenda."

"Niinue namna gani, bwana?"

"Mimi najua nini? Wewe ndiyo fundi ya springi."

Micah alichuchumaa mbele ya Landrova kwa muda mrefu. Njia aliziona mbili. Ya kwanza ni kuyafungua mabamba ya Landrova yenyewe, yale membamba, kuyatia motoni na kuyapinda zaidi, ili gari lipande lakini springi ibaki na ulaini wake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mathenge kwa kumpa mgongo, na Micah alichokiona kilikuwa ni huo mgongo. Ukizidisha moto bamba linavunjika. Ukiupunguza, linalegea na gari linarudi chini. Njia ya pili ni kukata mabamba ya springi iliyotoka kwenye lori bovu la magogo na kuyaongeza chini ya yale ya Landrova. Hayo aliyajua hata akiwa usingizini. Hayavunjiki, hayalegei, gari linapanda na linakaa juu.

Alimwona Chelagat amelala nyuma ya gari, springi inavunjika katikati ya msitu, hakuna mtu. Akachukua ya lori. Alichagua kwa mapenzi na kwa hofu, na mchanganyiko huo haujawahi kumchagulia mtu vizuri.

Dereva wa Landrova, Kiplangat, alisimama akimtazama anavyokaza boliti. "Fundi, hii haitakuwa ngumu sana?"

"Ngumu ni mbaya?"

Kiplangat akamsogezea spana. Pale Elburgon neno hilo lilikuwa sifa. Kiatu kizuri kilikuwa kigumu, shoka zuri lilikuwa gumu, na hata mama mkwe akimsifu mkwewe alisema mtu huyu ni mgumu.

Waliijaribu siku iliyofuata, na waliijaribu kama watu wa mbao wanavyojaribu springi, yaani kwa kuipakia. Tomlin akaingia mbele. Nyuma wakaweka misumeno, magunia ya saruji, na wanaume watano juu yake. Landrova ikalivuka tuta lile bila kuligusa, ikishuka na kupanda kwa upole kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Wanaume wakapiga makofi. Tomlin akavua kofia. Micah akaenda nyumbani akimwita Chelagat tangu mbali, akamleta aione, naye akaizunguka amejishika kiuno, tumbo mbele.

"Imesimama kama ng'ombe aliyeshtuka," akasema. "Nitapandaje huko juu?"

"Nitakubeba."

"Wewe?" Akacheka, mkono mdomoni. Siku ile walikuwa na furaha, na ni haki isemwe, kwa sababu haikurudi tena.

Baadaye Kiplangat alipelekwa stesheni kuchukua barua. Aliporudi alipitia karakana. "Fundi, hii kitu inaruka."

"Ikiwa na nini?"

"Tupu."

"Tupu!" Micah akacheka, ndiyo, alicheka. "Gari tupu ni lazima iruke."

Uchungu ulianza asubuhi ya mvua, wakati watu wanamaliza chai. Chepkemei alituma ujumbe karakana, Micah akatupa koleo na kukimbia. Chelagat alilazwa nyuma ya Landrova mshazari, magoti yamekunjwa, juu ya godoro la maranda ya mbao ambalo Micah alikuwa amelishona mwenyewe. Chepkemei akaketi kichwani pake, Micah miguuni. Turubai likafungwa. Getini Kiplangat akapunguza mwendo, na Makokha akatoka na gunia kichwani kujikinga mvua.

"Mzigo gani?"

"Hakuna mzigo. Ni bibi ya fundi."

"Basi tupu," akasema Makokha kwa upole, akainua mti wa geti. "Mungu awe na nyinyi."

Walilifikia tuta, lile lile lililomla mtoto wa pili. Micah alishika ubavu wa gari kwa mikono yote miwili. Landrova ikapita. Haikugusa hata tope. Machozi yalimtoka pale pale, akamwambia Chelagat, "Tumepita, umeona? Tumepita," naye akatabasamu akiwa amefumba macho.

Kisha wakaingia kwenye barabara ya kifusi iendayo Njoro, iliyojaa mawimbi na vijiwe. Na hapo ndipo springi za lori zilipotafuta mzigo wao na hazikuupata. Walikuwa na wanawake wawili na mwanamume mmoja mwembamba, uzito ambao mabamba yale hayakuusikia. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja kutoka gurudumuni hadi godoroni. Gari liliruka, likatua kwa kishindo, likaruka tena. Chelagat alirushwa na kuangushwa, na kila alipoangushwa alitoa sauti fupi.

"Micah," akasema, "mwambie apunguze."

Kiplangat alipunguza. Ikawa mateso yaleyale, ila sasa yalikuja moja moja. Akaongeza mwendo kidogo, yakawa mabaya zaidi. Chepkemei alitia mkono chini ya shuka, akautoa, akamwonyesha Micah. Ulikuwa mwekundu.

Hapo Micah alielewa yote kwa mara moja. Alielewa mgongo wa Mathenge ulikuwa unaficha nini. Hakuna mzigo, alijisemea, nimemweka kwenye gari la magogo na yeye si gogo. Akapiga bati kwa ngumi mpaka Kiplangat akasimama.

Kando ya barabara watu wa kazi ya barabara walikuwa wameacha lundo la mawe. Micah na Kiplangat waliyabeba kwa mikono, katika mvua, wakayapanga kumzunguka Chelagat pande zote, chini ya viti, kila mahali palipokuwa na nafasi, mpaka kucha zikatoka damu. Gari likashuka, likashuka tena. Walipoondoka lilikwenda kwa utulivu, likiyameza mawimbi ya barabara. Chelagat akavuta pumzi ndefu.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ni sawa. Kwa nini hamkufanya hivi tangu mwanzo?"

Alisema bila lawama, alitaka kujua tu. Micah alimshika mguu.

Kabla ya Njoro kuna bonde ambapo malori ya kiwanda kingine yaliingilia barabara, na huko nako yalikuwa yamechimba mifereji na kuacha tuta. Micah aliliona kwa mbali kupitia mwanya wa turubai. Alijua. Gari lililoshuka kwa mzigo limeshuka hadi lilipokuwa zamani, na kuinuliwa kwake kote kumekwenda bure. Hakukuwa na njia nyingine. Kiplangat aliingia kwa kasi akiomba Mungu, na katikati ya bonde Landrova ikakalia tumbo, kama ile siku nyingine, magurudumu yakizunguka hewani.

Wakaanza kuyashusha mawe. Yaleyale, moja moja, kwa mikono ileile. Chelagat alikuwa hasemi tena. Chepkemei alikuwa akimwimbia kitu kwa sauti ya chini, wimbo wa watoto wachanga, na Micah alitaka kumwambia anyamaze, akaendelea kushusha mawe. Gari likainuka, likatoka. Kutoka hapo hadi Nakuru liliruka njia nzima, na hakuna aliyemwambia Kiplangat apunguze.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa walipofika. Ili Chelagat asife, daktari alikitoa kizazi, kisha akamweleza Micah kwenye ukumbi, kwa maneno machache na kwa huruma, kwamba hatazaa tena. Micah alisema, "Ahsante, bwana." Hakujua anashukuru nini. Akatoka nje akasimama kwenye mvua karibu na Landrova, akazitazama zile springi zake. Hazikuwa na hata ufa.

Chelagat alipoweza kusafiri, Kiplangat aliwajia wakati amekuja mjini kwa shughuli za Tomlin. Micah alikuwa ameshaanza kukusanya mawe kutoka mtaro wa hospitali, anayapanga ndani ya gari. Chelagat alisimama akimtazama, ameegemea ukuta.

"Ya nini hayo?" akauliza.

"Isikurushe."

"Yatoe, Micah. Sasa inirushe tu. Itaharibu nini?"

Akayatoa. Chelagat akalala nyuma kwenye godoro lilelile la maranda, lililofuliwa na Chepkemei lakini halikutakata, na Landrova ikawarusha kutoka Nakuru hadi Njoro, na kutoka Njoro hadi Elburgon. Hakutoa sauti hata moja. Micah alikaa mbele na Kiplangat, na kila kishindo alikihesabu kuwa chake.

Getini mvua ilikuwa imeacha. Makokha alitoka kibandani. Hakuweza kumwona aliyelala chini ya turubai, na mdomo wake ulikuwa umezoea.

"Mzigo gani?"

Kiplangat aliinamisha kichwa kwenye usukani. Ndipo Chelagat akajibu mwenyewe kutoka nyuma, si kwa kilio, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyeulizwa swali na anayejua jibu lake.

"Tupu."

Makokha akapunga mkono, akainua mti wa geti, wakapita.